Zimamoto ya Nairobi: Huduma Tunayoilipia Bila Kuipima

Kila mfanyabiashara wa Nairobi anayelipia kibali cha biashara hulipia pia zimamoto, apende asipende. Zamani cheti cha usalama wa moto kilikuwa na risiti yake. Tangu 2023 ada hiyo imeunganishwa na nyingine katika kibali kimoja, pamoja na ada za afya na za matangazo. Mkazi asiye na duka huilipia kwa njia nyingine, kupitia mgao wa kodi unaopelekwa kwa kaunti, kwa sababu Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, iliikabidhi serikali ya kaunti kazi ya kuzima moto na kukabiliana na majanga. Huduma inayolipiwa inastahili kutathminiwa jinsi hoteli au gereji inavyotathminiwa, na ndivyo ninavyokusudia kufanya hapa, ingawa iko tofauti moja kubwa: mteja wa huduma hii huomba asiihitaji kamwe, na siku anapoihitaji hana nafasi ya kuvuka barabara kwenda kwa mshindani.

Hukumu yangu niiweke mapema. Wazimamoto wenyewe ningewapa nyota nne kati ya tano, na ile moja niliyoibakiza ni ya vifaa ambavyo si wao wanaovinunua. Upatikanaji wa maji ningeupa mbili. Ukaguzi wa majengo, mbili pia. Kujipima, yaani desturi ya kurekodi jinsi kazi inavyofanyika na kuziweka takwimu hizo mbele ya wanaoigharamia, hapo ningetoa nyota moja tu, na hiyo moja ndiyo inayonisumbua kuliko nyingine zote, kwa kuwa pasipo kipimo hakuna awezaye kusema kwa uhakika kama mwaka huu ni afadhali kuliko mwaka jana.

Moto ukizuka katika masoko ya Gikomba au Toi, hadithi huwa moja yenye wasimulizi wawili. Wenye vibanda husema magari yalichelewa na yalipofika hayakuwa na maji. Wakubwa wa kaunti husema vikosi viliitikia mara moja na vikazuiwa na msongamano, njia nyembamba na umati. Huenda wote wanasema kweli. Kutoka kituoni mara moja na kufika kwa kuchelewa ni mambo yanayoweza kutokea katika usiku mmoja, na mtu aliyesimama mbele ya mali yake inayoungua huona sehemu ya mwisho peke yake. Kwa kuwa hakuna rekodi iliyo wazi ya kuamua, mabishano hayo huisha yenyewe baada ya siku chache, kisha hurudi neno kwa neno moto mwingine unapozuka. Katikati ya misiba hiyo huduma hupimwa kwa njia nyingine isiyo bora: magari mapya hupangwa uwanjani, funguo hukabidhiwa, picha hupigwa, na idadi ya magari ikawa ndiyo habari. Mipango na ripoti za kaunti nazo huegemea upande huo, vituo vilivyojengwa na magari yaliyonunuliwa. Huko ni kuhesabu sufuria badala ya kuonja chakula.

Chakula chenyewe ni muda, na muda huo haufai kuhesabiwa kwa mkupuo. Kati ya mtu kuuona moto na maji ya kwanza kuugusa, zipo hatua ambazo kila moja ina mwenyewe na ina dawa yake. Kwanza ni simu: ilipigwa wapi, ikapokewa baada ya muda gani, na aliyeipokea alichukua muda gani kuelewa mahali. Mjini kwetu hatua hii si ndogo hata kidogo. Nambari za 999 na 112 humfikisha mpigaji kwa polisi. 1199 ni ya Shirika la Msalaba Mwekundu. Wengine huandika mtandaoni wakitumaini kwamba mwenye wafuasi wengi atapaza sauti. Simu ikishapokewa, mkazi wa Mukuru kwa Njenga hana jina la barabara wala nambari ya nyumba ya kutaja. Hutaja steji, kanisa, duka la kuchaji simu na rangi ya lango, na dakika zinakwenda. Hatua ya pili ni kikosi kuvaa na kutoka kituoni. Ya tatu ni safari. Ya nne, ambayo karibu husahaulika, ni muda kati ya gari kusimama na maji kutoka, kwa maana katika mitaa ya mabanda gari husimama barabarani na mpira huburutwa kupitia vichochoro ambavyo watu wawili hawapishani.

Zimamoto nyingi za Marekani hujipima kwa kiwango kiitwacho NFPA 1710, kinachotaka kikosi kiwe kimetoka kituoni ndani ya sekunde 80 baada ya kuarifiwa kuhusu moto, na gari la kwanza lisafiri kwa sekunde zisizozidi 240, yaani dakika nne, katika asilimia 90 ya miito. Sisemi Nairobi iige dakika hizo nne. Anayeijua Barabara ya Jogoo saa kumi na mbili jioni atacheka. Ninachokipenda ni umbo la kipimo chenyewe. Kinazitenganisha hatua, hivyo kamanda wa kituo anaweza kuona kwamba kikosi chake kinatoka upesi lakini simu inakwama mahali fulani, au kinyume chake. Pia hakitegemei wastani. Chukua mfano wa miito kumi: tisa ifikiwe kwa dakika tano na mmoja kwa dakika hamsini. Wastani wake ni dakika tisa na nusu, takwimu ya kupendeza kwenye hotuba, ilhali nyumba moja kati ya kumi imeachwa hadi majivu. Na nyumba hiyo moja haichaguliwi kwa kura. Itakuwa pembezoni mwa jiji, au ndani ya mtaa usio na barabara, mwaka huu na mwaka ujao.

Kwa sababu hiyo takwimu yoyote ya jiji zima ingekuwa nusu ya ukweli. Nairobi ina wadi 85, na sensa ya 2019 ilihesabu humo watu 4,397,073. Jiji la ukubwa huo hutegemea vituo vichache, kile cha zamani cha Barabara ya Tom Mboya katikati ya mji, cha Industrial Area, na vingine vilivyoongezwa kama Waithaka na Barabara ya Kangundo. Anayeishi Ngara, jirani na katikati ya mji, na anayeishi Ruai, pembezoni, wanalindwa na huduma yenye jina moja, lakini si huduma moja. Jedwali la muda wa kufika, lililogawanywa kwa wadi na kutolewa kila robo mwaka, lingeonyesha mara moja kituo kijacho kijengwe wapi, na lingepunguza maneno pale kiwanja kinapochaguliwa kwa hesabu za kura.

London hufanya hivyo. Lengo la zimamoto yake ni gari la kwanza kufika kwa wastani wa dakika sita na la pili kwa dakika nane, na kumbukumbu za kila tukio tangu 2009, pamoja na mtaa lilipotokea, ziko wazi kwa yeyote kuzipakua. Hata hivyo wenzetu hao wametufundisha jambo la pili ambalo wapenda takwimu hulipita haraka. Mwaka 2019, miaka miwili baada ya moto wa jengo la Grenfell kuua watu 72, wakaguzi wa kitaifa walitoa ripoti iliyosema kwamba zimamoto ya London, yenye dakika nzuri kama hizo, inahitaji kuboreka. Wakaguzi hao, ambao tangu 2018 wamekuwa wakizikagua zimamoto zote za England, hawaishii kwenye saa. Huuliza kama huduma inafanya kazi, kama inatumia fedha vizuri, na kama inawatunza watumishi wake. Kufika mapema ni sharti la kwanza tu. Baada ya kufika kuna kujua la kufanya, na kuwa na cha kufanyia.

Historia yetu inathibitisha hilo kwa uchungu. Duka la Nakumatt Downtown lililoungua Januari 2009 na kuua zaidi ya watu 25 lilikuwa Mtaa wa Kimathi, mwendo mfupi wa miguu kutoka kituo cha Barabara ya Tom Mboya, wakati huo kikiwa chini ya Baraza la Jiji. Gikomba nayo haiko mbali na kituo hicho, na bado moto wa usiku wa kuamkia 28 Juni 2018 uliwaua watu 15. Katika matukio kama hayo ukipima kilomita pekee utahitimisha kwamba jiji lilikuwa salama. Yaliyoamua mambo yalikuwa kwingine: milango ya kutokea, mbao na mitumba iliyorundikwa, vijia vilivyozibwa kwa vibanda, na nguvu ya moto kabla mtu wa kwanza hajapiga simu. Chumba cha kisasa chenye godoro la sponji, makochi na mapazia ya nailoni huweza kuwaka chote ndani ya dakika chache, na baada ya hapo kazi ya zimamoto huwa ni kuokoa cha jirani.

Sasa maji. Hapa ndipo mnunuzi wa huduma hii hupunjwa zaidi, na hesabu yake ni rahisi. Gari lenye tangi la lita 4,000, likiendesha mpira mmoja unaotoa lita 500 kwa dakika, huishiwa baada ya dakika nane. Likiendesha mipira miwili, baada ya dakika nne. Lawama ya kwamba walikuja bila maji, ambayo umati huitoa kwa hasira kiasi cha kuyapiga magari mawe, mara nyingine maana yake ni kwamba maji yalikuwapo na yakaisha, na gari likalazimika kuondoka kwenda kujaza. Dawa yake ni haidranti, yale mabomba ya kuzimia moto yaliyowekwa kando ya barabara, na haidranti huhitaji mambo mawili: isizikwe chini ya lami, kibanda au ukuta wa mtu, na iwe na maji. Nairobi huishi kwa mgao wa maji. Mtaa unaopata maji siku mbili kwa wiki una haidranti kwa siku mbili kwa wiki, na moto hausomi ratiba ya mgao.

Linaloshangaza ni kwamba pande zote mbili za tatizo hili zina mwenyewe mmoja. Kampuni ya Maji na Majitaka ya Jiji la Nairobi inamilikiwa na Kaunti ile ile inayoendesha zimamoto. Hakuna mkataba wa kimataifa unaohitajika ili fundi wa maji na mzimamoto watembee pamoja mtaa kwa mtaa, wafungue kila haidranti, wapime shinikizo, waandike tarehe na kuichora kwenye ramani. Kama ningeambiwa nichague takwimu moja pekee ya kuitaka kutoka kwa huduma hii, ningeacha hata dakika za kufika nikaomba hii: katika kila wadi, haidranti ngapi zilifunguliwa robo mwaka hii, na ngapi zilitoa maji. Mkazi anaweza kuihakiki kwa macho yake, na kiongozi hawezi kuipamba.

Kwa upande wa uokoaji, tathmini ni ngumu zaidi kwa sababu zimamoto huwa haiko peke yake. Jengo la Huruma lilipoporomoka usiku wa 29 Aprili 2016 na kuua watu karibu 50, eneo lilijaa wanajeshi, vijana wa Huduma ya Vijana kwa Taifa, Msalaba Mwekundu na wakazi wenye sururu, na manusura waliendelea kutolewa hata baada ya siku kadhaa. Yaliyopatikana pale hayawezi kugawanywa kwa asilimia, hii ya kaunti, hii ya jeshi. Kinachoweza kupimwa ni utaratibu: nani alikuwa kamanda wa eneo, alitangazwa baada ya muda gani, redio za vikosi zilisikilizana au la, na kama baada ya tukio waliketi wakaandika yaliyowashinda. Wakazi pia wanastahili safu yao katika rekodi hiyo. Moto wa Mathare na Kibera huzimwa kwa ndoo, mchanga na kubomoa mabati ya vibanda vya jirani ili moto ukose njia, na mara nyingi kazi kubwa huwa imefanyika kabla king'ora hakijasikika. Huduma iliyo makini ingehesabu ni vijana wangapi wa mtaa iliowafunza na kuwapa vifaa, kisha ingetazama kama mitaa hiyo hupoteza nyumba chache kuliko mingine.

Ukaguzi wa majengo ndiyo sehemu ya huduma ambayo wengi wetu huikuta ana kwa ana, na ndiyo inayopimwa vibaya zaidi, kwa sababu cheti kimegeuka kuwa risiti. Idadi ya vyeti vilivyotolewa haielezi lolote kuhusu usalama. Huenda inaeleza bidii ya ukusanyaji wa mapato. Takwimu yenye maana ni ya waliokataliwa: majengo mangapi yalikutwa na kasoro, mangapi yalirekebisha, na mangapi yaliendelea na biashara kana kwamba hakuna aliyesema kitu. Mlipuko wa gesi wa Mradi, Embakasi, usiku wa 1 Februari 2024, uliojeruhi mamia ya watu, ulikuja baada ya mamlaka ya nishati kusema kwamba ilikuwa imeyakataa maombi ya kujenga kituo cha gesi mahali pale. Kukataa kulikuwapo kwenye karatasi, na mitungi ikawapo kwenye kiwanja. Ofisi ile haikuwa ya zimamoto, lakini somo linaihusu: mkaguzi aliyeandika hapana na asirudi kutazama hajakagua.

Majengo marefu yanastahili ukurasa wao, nami nitayapa aya tu. Jumba la Britam huko Upper Hill lina urefu wa mita 200, na Kilimani na Kileleshwa ghorofa huongezeka kila uchao. Hakuna ngazi ya gari la zimamoto itakayofika huko juu, hivyo usalama wa mpangaji wa ghorofa ya ishirini hutegemea bomba la wima lililomo ndani ya jengo, pampu yake, na ngazi za dharura ambazo mlinzi hakuzifungia kufuli. Kanuni za 2007 za kupunguza hatari ya moto mahali pa kazi zinadai zoezi la kuhama jengo angalau mara moja kila miezi kumi na miwili. Muulize meneja wa jengo lako tarehe ya zoezi la mwisho. Jibu hilo litakueleza mengi kuliko cheti kilichotundikwa karibu na lifti.

Kuhusu watumishi nitasema kidogo. Anayeingia ndani ya moshi akiwa amebeba mtungi wa hewa wa muda mfupi anastahili koti linalostahimili moto, viatu visivyoyeyuka, bima, na mwenzake wa kumpokea. Hayo yote huhesabika, na yangepaswa kuwa katika ripoti ile ile yenye dakika za kufika, yasifichwe kwenye bajeti ya manunuzi.

Ipo hoja dhidi ya upimaji wote huu, na si hoja ya kipuuzi. Afisa anayejua kwamba atahukumiwa kwa dakika hujifunza kuzitengeneza dakika: gari hutangazwa limefika likiwa bado kwenye mzunguko wa barabara, na mwito mgumu huandikwa kwenye daftari jingine. Dereva naye hushawishika kupita taa nyekundu kwa namna inayoua watu barabarani kabla ya kuokoa yeyote. Dawa ya kwanza ni mashine, maana kifaa cha kufuatilia gari kwa setilaiti huandika mahali na saa bila kuombwa, na matatu na bodaboda nyingi za jiji hili tayari zinavyo. Ya pili ni kukubaliana tangu mwanzo kwamba takwimu za kituo zitumike kukiongezea nguvu kabla hazijatumika kumwadhibu mtu. Kituo kinachochelewa kwa sababu kina gari moja la kuhudumia kata nzima kinahitaji gari la pili, na barua ya onyo haitaligeuza la kwanza kuwa mawili.

Msingi wa kisheria upo. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 47, inaitaka kamati kuu ya kaunti kuandaa mpango wa kupima utendaji wa utumishi wake. Msimamizi wa Bajeti hutoa ripoti za matumizi ya kaunti kila robo mwaka. Mkaguzi Mkuu huzikagua hesabu kila mwaka. Hizo zote hufuata shilingi. Anayetaka kufuata dakika na maji itambidi aombe mwenyewe, kwa kuwa kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 vinampa kila raia haki ya kuomba, na ofisi inayoombwa ina siku 21 za kujibu, au saa 48 iwapo habari inahusu uhai au uhuru wa mtu. Barua yenyewe haihitaji wakili. Iandikwe na chama cha wakazi, itaje wadi, na iombe mambo manne kwa miezi kumi na miwili iliyopita: miito iliyopokewa, saa ya kupokewa na saa ya kufika kwa kila mmoja, haidranti zilizopimwa na matokeo yake, na majengo yaliyokaguliwa yakakutwa na kasoro. Nakala ipelekwe kwa mwakilishi wadi kabla ya vikao vya umma vya bajeti, na kukiwa kimya baada ya siku 21, malalamiko yapelekwe kwa Tume ya Haki ya Utawala, ambayo sheria hiyo imeipa jukumu la kuisimamia.